Samaki Mbichi na Samaki wa Kuliwa Mbichi: Namna ya Kuchagua Samaki wa Sushi na Sashimi Nyumbani

Kiswahili kinatuponza hapa. Neno "mbichi" tunalitumia kwa samaki aliyetoka baharini alfajiri ya leo, na neno hilohilo tunalitumia kwa samaki ambaye hajaona moto. Nenda soko la samaki la Feri, pale Magogoni, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, simama mbele ya meza yoyote, uliza: "Kaka, huyu mbichi?" Utajibiwa: "Mbichi kabisa dada angu, mtazame jicho." Wala hajakudanganya. Amemjibu mtu anayekwenda kumpaka samaki ndimu na chumvi, kisha amtose kwenye mafuta. Wewe unayetaka kumkata vipande na kumla vilevile bado hujajibiwa.

Mla sashimi ana maswali mawili. La kwanza: je, ameanza kuharibika? La pili: je, kuna kitu ndani yake, mnyoo au sumu, ambacho moto ungekimaliza au hata moto usingekimaliza? Swali la kwanza pua na vidole vinaweza kulijibu, tena kwa sehemu tu. La pili halijibiwi na jicho la samaki hata ling'ae kama kioo. Samaki anayepigapiga mkia ndani ya ngalawa anaweza kuwa na minyoo, na kipande kilichokaa wiki nzima kwenye friza yenye baridi kali kikawa salama kuliko yeye. Kwa hiyo mimi huchagua kwa mpangilio huu: kwanza aina, halafu safari yake tangu alipovuliwa, na mwisho kabisa ndipo macho na mashavu. Wengi wetu huanzia mwisho na kuishia hapohapo.

Jambo dogo kabla hatujaanza. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, ukaliwa pamoja na kitu kingine. Sashimi ni vipande vya samaki peke yake, bila wali. Maana yake sushi si lazima iwe na samaki mbichi, na nitalirudia hilo mbele kwa sababu ndilo linalomwokoa mtu asiye na friza nzuri.

Hatua ya kwanza: chagua jina kabla hujachagua samaki

Anza kwa kuwatoa wasiofaa.

Samaki wote wa maji baridi watoke. Sato, sangara, kambare, migebuka, hata wakiwa wamevuliwa mbele ya macho yako. Ndugu zangu wa Mwanza, Kisumu na Kigoma wasinichukie, lakini samaki wa maziwa na mito ndio wabebaji wa tegu na minyoo bapa wanaojua kabisa kuishi ndani ya mtu. Minyoo ya baharini ikiingia kwetu hupotea njia: inauma, inasumbua, kisha inakufa. Hiyo ya maji baridi huhamia na kupanga chumba. Ukiwa kanda ya ziwa na hamu imekushika, tengeneza sushi ya samaki aliyeiva, au agiza jodari wa barafu kutoka pwani.

Bunju atoke, na hapa hakuna mjadala. Wajapani wanamla, wanamwita fugu, lakini kule mpishi anayemwandaa lazima awe na kibali maalumu, kwa sababu ini na mayai yake yana sumu inayopooza misuli ya kupumua. Kuchemsha hakuiondoi.

Chewa wakubwa na mzia wakubwa wa miambani mimi huwaacha pia, ingawa wengine watabisha. Kuna sumu inayoanzia kwa viumbe vidogo mno vinavyoota juu ya matumbawe, ikaliwa na samaki wadogo, wakaliwa na wakubwa, ikajikusanya kwenye mnofu wa yule mkubwa kuliko wote. Haionekani, hainuki, na wala moto na barafu haviigusi.

Sasa wanaobaki.

Jodari ndiye wa kuanza naye, na sababu si ladha tu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inataka samaki karibu wote wanaoliwa vibichi mahotelini wagandishwe kwanza kuua minyoo, lakini imeyaachia majodari wakubwa, akiwemo huyu wetu mwenye mapezi ya njano anayepita mkondo wa Pemba. Minyoo inayomdhuru mtu ni nadra mno kwenye mnofu wake. Kwa mtu ambaye friza yake ni ile ya juu ya friji, inayochanganya barafu na bamia, hilo ni jambo kubwa. Chukua sehemu ya samaki mkubwa badala ya kumnunua mdogo mzima: jodari mkubwa ana rangi nzuri zaidi na mafuta zaidi. Usitegemee tu mafuta meupe yale ya picha za mtandaoni. Hayo ni ya jodari wa bahari zenye baridi, mwenye mapezi ya buluu, na wa kwetu ana nyama nyekundu safi isiyo na mafuta mengi.

Songoro hatajwi sana, na mimi namwona ni hazina. Mnofu wake ni mweupe, una mafuta, haumegeki ovyo kisu kinapopita. Kolekole naye ni wa ukoo uleule wa samaki ambao Wajapani huwathamini sana kwa sashimi. Nguru ana nyama ngumu nzuri, ila huharibika upesi kuliko sura yake inavyoonyesha. Changu ni mtamu, mwororo kidogo. Hawa wanne wote, tofauti na jodari, wapitie kwenye friza kwanza kwa vipimo nitakavyovitaja. Usimhurumie samaki hapa.

Sehewa ni ndugu wa jodari, mweusi wa nyama, mwenye damu nyingi na maisha mafupi. Kule Kochi, kusini mwa Japani, ndugu yake huunguzwa ngozi ya nje juu ya moto mkali wa mabua ya mpunga, ndani akibaki mbichi, kisha hukatwa vipande vinene. Wanaita tataki. Mabua tunayo, makumbi ya nazi tunayo. Lakini moto ule wa juujuu unampa harufu tu, haufiki kwenye minyoo. Naye apite friza.

Vibua waache mpaka uzoee. Ni samaki wazuri, ila wana mambo mawili mabaya kwa pamoja: huoza haraka na hubeba minyoo. Japani yenyewe, ambako watu wanajua wanachofanya, mnyoo uitwao Anisakis miaka ya karibuni unaongoza katika idadi ya matukio ya sumu ya chakula yanayoripotiwa, na samaki wa ukoo wa vibua ni miongoni mwa wanaolaumiwa kwanza.

Ngisi anafaa sana, na ni mmoja wa wachache ambao friza huwaongezea sifa: nyama yake hulainika. Pweza na kamba ni habari nyingine. Katika sushi pweza huchemshwa, na kamba wengi huchemshwa pia, wakiwa wamechomekwa vijiti tumboni wasijikunje. Yaani mtu anayejua kuchemsha pweza wa supu tayari amefika nusu ya safari ya sushi bila kujijua.

Na samoni? Kwenye bahari yetu hayupo. Anakuja na ndege au ndani ya kontena la barafu, na anauzwa katika maduka makubwa ya mijini. Watu hudhani samoni mbichi ni mila ya kale ya Japani, kumbe Wajapani walikuwa wakimla akiwa ameiva au amekolezwa chumvi, kwa kuwa samoni wao wa porini walikuwa na minyoo. Ni Wanorwe waliokwenda kuwauzia samoni wao wa kufugwa miaka ya 1980, wakisisitiza kwamba samaki anayelishwa chakula kikavu cha vidonge hali samaki wenzake wenye minyoo. Kwa hiyo ukinunua samoni, soma kifurushi: kama amefugwa, vizuri, kama ni wa porini, lazima awe amegandishwa. Kama kifurushi hakisemi kitu, mpike.

Hatua ya pili: uliza alikotoka

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na ndipo wauzaji huniona msumbufu.

Tatizo linaitwa histamini. Jodari, sehewa, nguru, vibua na fulusi wana kitu ndani ya nyama yao ambacho bakteria wakipata joto hukigeuza kuwa sumu hiyo. Hawahitaji siku mbili. Saa chache za jua juu ya sakafu ya boti zinatosha kuianzisha. Ikishatengenezwa imetengenezwa: barafu ya baadaye haiitoi, friza haiitoi, na kukaanga hakuitoi. Samaki anaweza asinuke kabisa.

Mimi nimeionja. Ilikuwa mchana, jodari wa kuchoma, wala si mbichi. Ulimi ulihisi kama kuna pilipili ambayo sikuitia. Nusu saa baadaye uso uliwaka kama nimepigwa makofi, moyo ukaenda mbio, shingo ikajaa vipele. Nilidhani nimepata aleji ya jodari uzeeni, na wengi hubaki na imani hiyo maisha yote, wakaacha kumla. Si jodari, ni jua alilopigwa. Ulimi ukiwashwa hivyo, tema, usimalizie kwa kuona haya mbele ya mwenyeji. Na pumzi zikianza kubana, kimbia hospitali.

Kwa hiyo uliza maswali matatu. Chombo kilikuwa na barafu? Alivuliwa kwa mshipi au kwa nyavu? Aliingia lini hapa?

Swali la mshipi lina maana yake. Samaki wa mshipi hupandishwa akiwa hai, akauawa, akawekwa kwenye barafu. Samaki wa jarife lililolala majini usiku kucha anaweza kuwa amekufa saa nyingi kabla nyavu hazijavutwa, huku amelala kwenye maji ya nyuzi 27 au 28. Kitaalamu ni samaki "wa leo". Wavuvi wa Kijapani huenda mbali zaidi: hutoboa ubongo wa samaki mara moja, wakamtoa damu, wakapitisha waya kwenye uti wa mgongo ili misuli itulie. Wanaita ikejime. Sijawahi kuiona mnadani kwetu. Lakini baadhi ya manahodha wanaouzia mahoteli huwatoa jodari damu wakiwa bado hai, na ukimpata nahodha wa namna hiyo hifadhi namba yake ya simu.

Msimu nao unasema kitu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wa kina kirefu hupungua mezani. Kaskazi ikituliza maji chaguo linaongezeka. Siku ambayo upepo umezuia vyombo na meza bado imejaa, jiulize wametoka wapi.

Ukiwa nje, maswali hubadilika sura lakini hayafutiki. Soko la samaki la Mutrah kule Muscat utakuta jodari na nguru kama wa nyumbani, na maswali ni haya haya. Ulaya na Marekani utakuta kibandiko kinachosema samaki huyu ni wa "daraja la sushi". Marekani daraja hilo halimo kwenye sheria yoyote. Ni neno la muuzaji. Muulize aligandishwa kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani. Muuzaji wa kweli anajibu bila kuvuta pumzi.

Hatua ya tatu: sasa mtazame

Macho yawe yamejaa na maangavu. Yaliyozama na kufanya ukungu yanasema siku zimepita. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu ya damu, si ya kahawia, na ute wake uwe mwepesi, haunati. Bonyeza mnofu kwa kidole, urudi. Tumbo likiwa limelegea au limepasuka karibu na tundu la haja, muache, maana utumbo umeanza kujila.

Harufu iwe ya bahari. Shombo kali ni dalili mbaya, na harufu ya amonia ni mwisho wa mazungumzo.

Samaki aliyekakamaa kama ubao asikutishe. Ana saa chache tu tangu afe. Ila usimkate hali hiyo, nyama itapasukapasuka. Mweke kwenye barafu mpaka alainike mwenyewe. Utamu wa sashimi nao hauko kileleni saa ileile samaki anapokufa: wapishi wa Kijapani huwapumzisha samaki wakubwa siku kadhaa kwenye baridi karibu na sifuri. Sisi tusio na baridi hiyo tusijaribu mchezo huo.

Kuna dalili moja ambayo miongozo ya Ulaya haitaji. Uvuvi wa baruti umepungua sana kuliko zamani, lakini haujasahaulika. Samaki aliyepigwa baruti nje anaweza kupendeza, ndani uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia tumboni, na mnofu uko kama uji. Mshike kichwa na mkia umnyanyue: akijikunja katikati kwa namna isiyo ya kawaida, mrudishe mezani.

Kwa jodari aliyekwisha katwa unatazama nyama. Nyekundu yenye kung'aa kidogo, inayopitisha mwanga ukiikata nyembamba, ni nzuri. Kahawia imezeeka. Upinde wa mvua juu ya nyama hauna ubaya, ni mwanga tu unavyocheza kwenye nyuzi. Tahadhari iko kwenye rangi inayopendeza kupita kiasi, waridi ya tikiti maji isiyobadilika hata kipande kikae wapi. Jodari wa namna hiyo kwenye vifurushi vya plastiki mara nyingi amepulizwa gesi ya kaboni monoksaidi, inayoshikilia rangi hata nyama ikiwa imeharibika. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku, Marekani inairuhusu. Gesi yenyewe haitakuua. Shida ni kwamba imekupofusha.

Jambo la mwisho hapo mezani, nalo kwangu lina uzito kuliko macho na mashavu: maji. Samaki wetu huoshwa kwa maji yaliyo karibu, na maji yaliyo karibu na gati kila mtu anayajua. Bakteria wa tumbo, wakiwemo wa kipindupindu, hawafi kwa kugandishwa. Ndani ya samaki mzima, chini ya ngozi, mnofu ni safi. Uchafu huletwa na kisu, gogo la kukatia, mikono, nzi na ndoo. Kwa hiyo kama ni changu, kolekole au songoro wa saizi ya kubebeka, mchukue mzima bila kuparwa wala kupasuliwa, umpasue nyumbani ndani ya saa moja au mbili, usilaze. Minyoo hukaa zaidi kwenye utumbo, na samaki akishakufa huanza kuhamia kwenye mnofu wa tumbo. Kama ni jodari mkubwa, omba ukatiwe pande nene la mgongoni lenye ngozi yake, lisioshwe, litiwe moja kwa moja kwenye mfuko safi uliokuja nao. Nyumbani utachonga uso wote wa nje, karibu sentimita moja, na huo unakwenda sufuriani. Muuzaji atakushangaa. Mlipe.

Hatua ya nne: safari ya kurudi

Deli au kasha la barafu liende na wewe, lisifuatwe baadaye. Katika joto letu kipimo cha kufaa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, juu na chini. Samaki awe ndani ya mfuko uliofungwa, asiogelee kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Shabaha ni nyuzi 4 kushuka chini. Kama njiani kuna foleni ya saa mbili, ongeza barafu, usiongeze matumaini.

Hatua ya tano: friza, na ukweli kuhusu friza yako

Vipimo vya FDA ni hivi: nyuzi -20 au chini yake kwa siku 7, au kugandisha kwa -35 mpaka agande kabisa na kumweka humo saa 15. Umoja wa Ulaya unaridhika na -20 kwa saa 24, ila baridi hiyo iwe imefika katikati ya mnofu. Nyumbani chukua zile siku 7. Kata minofu isiyozidi unene wa kiganja, funga kwa plastiki iliyobana bila hewa, sambaza isirundikane.

Sasa tatizo. Friza nyingi za nyumbani zimepangwa -18, na zikifunguliwa kila saa kwa ajili ya barafu za watoto hazifiki hapo. Nunua kipimajoto cha friza, ni kitu kidogo cha bei ndogo, kiweke ndani usiku mzima. Kama hakishuki -20 hata ukizungusha swichi mpaka mwisho, basi friza hiyo inahifadhi nyama, haiui mnyoo, na chaguo lako ni jodari, au samaki aliyegandishwa kiwandani, au mapishi ya moto.

Halafu kuna umeme. Jaza kikombe maji, yagandishe, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama chini, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, na kila kilichokuwemo kiliyeyuka kikaganda upya. Samaki huyo si wa sashimi tena.

Watu huona aibu kumpa mgeni samaki aliyetoka friza. Haina sababu. Meli za Kijapani zinazowinda jodari bahari za mbali humgandisha kwa nyuzi -60 huko huko baharini, na katika soko la Toyosu, Tokyo, lililochukua nafasi ya Tsukiji mwaka 2018, jodari wa barafu ana mnada wake kila asubuhi ya kazi, amejipanga sakafuni mweupe kama magogo yenye theluji.

Na ndimu? Ndimu, siki, chumvi, soya na wasabi (kile kikolezo kikali cha kijani cha Kijapani) havimwui Anisakis. Ndimu hubadilisha rangi ya mnofu ukaonekana umeiva, na mnyoo yuko ndani anakusikiliza. Wizara ya afya ya Japani inawaonya watu wake kuhusu siki kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya sita: kuyeyusha na kukata

Mtoe kwenye plastiki, hasa iliyofyonzwa hewa, kabla hajaanza kuyeyuka. Kwa jodari kuna njia nzuri: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, gramu 30 hadi 40 kwa lita, mzamishe dakika moja au mbili mpaka uso ulainike, mfute, mfunge kwa karatasi za jikoni, mlaze kwenye friji saa kadhaa. Chumvi inazuia nyama isinywe maji. Wengine wayeyuke polepole ndani ya friji usiku kucha.

Kisu kiwe kirefu na kikali kweli. Ondoa ule mnofu mweusi wa damu na kano nyeupe. Kata kukinzana na nyuzi za nyama, kwa mvuto mmoja kutoka shina la kisu hadi ncha. Usisugue kama unakata mkate. Jodari unene wa sentimita moja hivi, samaki weupe nyembamba zaidi. Mweupe umwinue kwenye mwanga kabla hajafika sahanini: ukiona uzi uliojiviringa, huyo ni mnyoo, hata kama amekufa kwa baridi.

Ubao, kisu na mikono visiwe vimetoka kwenye kuku. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu na anayetumia dawa za kushusha kinga wapewe roli zao (sushi iliyozungushiwa mwani) za pweza au kamba aliyeiva, tena ziwe nzuri zisionekane za adhabu. Mwani wa kuzungushia ununue wa Kijapani. Huu wetu wa Zanzibar ni aina nyingine kabisa, haufanyi karatasi.

Jodari akikataa kung'aa baada ya friza, kuna dawa ya zamani ya Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, wakati hakukuwa na friji: vipande hulazwa kwenye mchuzi wa soya dakika kumi na tano hivi. Hunywa chumvi, hukaza, na rangi inakuwa ya divai. Mimi huongeza tone la maji ya tangawizi. Mjapani atakunja uso, lakini jiko ni langu.

Vikishakatwa viliwe saa hiyohiyo, au vikae kwenye friji si zaidi ya saa moja au mbili wakati unafinyanga wali. Vilivyobaki havirudi friza. Vichanganye na vile vipande vya nje ulivyovichonga na mnofu mweusi, kaanga kitunguu, tia nyanya na bizari, malizia na tui la nazi. Kesho yake kwa wali mweupe, mchuzi ule huwa unawashinda hata waliokuja kwa ajili ya sushi.